Nozeli za Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Jumapili baba anatimiza mwaka kaburini. Mama hataki maua. Anataka kuisikia injini yake ikinguruma kwenye mashindano ya mbio za magari ya Salinas, basi. Baba aliijenga kwa miaka sita, akaifunga kwenye gari lake dogo, Starlet, akaniachia mimi. Daftari lake linasema: ukibadili nozeli za kunyunyizia mafuta, badili na pampu na paipu za mafuta. Mzee alikuwa mwoga, Mungu amrehemu.

Mpinzani wangu ni shemeji Heriberto, mume wa dada. Nozeli zake anazifunika kwa taulo, kama kila mtu hapa, namba ya ukubwa isionekane. Nimempelekea pasteles za mama, zile za ndizi na nyama ya nguruwe. Mikono yake ilipojaa mafuta ya nguruwe akaenda kunawa. Nikafunua taulo. Namba ninayo.

Jumatano, 5 Machi
Nimefunga nozeli kama zake. Gari linakohoa moshi mweusi. Shuka za jirani zimekuwa kaniki.

Heriberto amekuja, hakucheka hata kidogo. Hilo limeniuma zaidi. Akasema, “Wilo, gari langu linakunywa spiriti, mara mbili ya petroli. Ndiyo maana nozeli ni kubwa. Lako unalizamisha. Rudisha za mzee.”

Wivu huo. Nitatia spiriti.

Ijumaa, 7 Machi
Spiriti imeingia. Injini inaimba! Nimelia kidogo, nikasingizia mvuke.

Mama ameleta kahawa. Akauliza kama pampu nimebadili. Nikasema pampu ni ya baba, ni urithi, haiguswi. Akasema baba aliipimia kiasi cha petroli tu. Nikamwambia mama, wewe na jiko, mimi na injini. Akachukua kikombe kabla sijamaliza.

Jumapili, 9 Machi
Misa asubuhi, Salinas mchana. Mama kavaa nguo nyeusi na kofia ya baba. Nimepangwa kushindana na Heriberto.

Taa ya kijani. Nikamwacha. Nusu ya njia niko mbele, nami nikamwona baba akinipigia makofi. Kisha mlio ukawa mwembamba. Nikakanyaga zaidi. Ukapasuka mlipuko mmoja, halafu kimya.

Heriberto aliacha kushangilia ushindi wake, akaja kuchungulia. Pistoni mbili zimetoboka, bloku ya injini imepasuka. Akasema taratibu, “Pampu imeshindwa kuzilisha nozeli. Mafuta yakipungua gari likiwa kwenye kasi ile, injini haizimiki. Inayeyuka.”

Mama alisema neno moja tu, kwamba ile haikuwa sauti ya injini ya baba. Akaomba taulo la Heriberto, akaifunika injini vizuri, pembe zote nne. Nyumbani hakula. Nami sikuweza kumtazama.

Jumatatu, 10 Machi
Sijalala. Nimelitafakari kosa langu kiume, na nimelipata: pampu. Kumbe ni pampu tu! Heriberto ana kubwa ya akiba, nyuma ya jokofu lake. Alhamisi huwa hayupo. Paipu za baba zinatosha, sina haja ya kuzigusa.

Imebaki injini. Gari la mama, Corolla, lina injini ileile, tumbo moja na ya baba, na baba mwenyewe ndiye aliyeihudumia. Mama hulitumia kwenda makaburini kila Jumatano tu. Kutoka hapa ni mteremko mtupu, atatembea.

Nimeshalegeza bolti mbili.