Juisi Nyekundu ya Doña Melitona

Fidencio Tlapa alipata wazo la utajiri akiwa kwenye foleni ya choo cha bustani ya jiji, Puebla, Jumapili asubuhi. Mlango ulifunguka kwa kishindo, akachomoka mkimbiaji mmoja mnene, kaptura haijapanda sawasawa, akipiga mayowe.

"Nakojoa damu! Jamani, nakufa!"

"Hufi," alisema Doña Melitona, muuza juisi, ambaye meza yake ilikuwa hatua chache kutoka pale. Hakuacha hata kukamua karoti zake. "Umekunywa glasi tatu za bitiruti. Ulitaka utoe rangi gani, kijani?"

Watu wakaangua kicheko. Fidencio hakucheka. Mtu aliyewahi kuwauzia watalii tiketi za kuingia kanisani hacheki riziki inapopita mbele yake.

Jumapili iliyofuata alikuja na koti jeupe na vichupa vyenye lebo ya dhahabu. Ndani ilikuwa juisi ileile ya Doña Melitona, bitiruti, karoti na seleri, aliyoichukua kwa ahadi ya kugawana faida nusu kwa nusu. Bei ilikuwa imepanda mara kumi.

"Ndugu wanamichezo!" alinguruma. "Mnakimbia, mnatoka jasho, lakini uchovu wa miaka umejikunyata humo ndani kama mpangaji asiyelipa kodi. Kunyweni hii! Kesho asubuhi, chooni, mtauona kwa macho yenu ukitoka mwekundu!"

"Na nisipouona?" aliuliza mwalimu mmoja mstaafu.

"Basi huna uchovu, mwalimu. Wewe ni bingwa! Kunywa ubaki hivyohivyo."

Jumatatu wakaona. Jumanne wakapanga foleni.

"Daktari, wangu umetoka wa zambarau!"

"Huo wa zambarau ni uchovu wa ndoa, kaka. Chukua mbili."

Yeye mwenyewe hakuonja hata tone. Alikuwa akisema mboga ni chakula cha ng'ombe, naye anamla ng'ombe, kwa hiyo hesabu imekamilika.

Huku nyuma, wateja wa miaka yote wa Doña Melitona walimpita bila salamu, wakaenda kununua juisi yake mwenyewe kwa Fidencio. Meza ilikuwa karibu kufungwa. Akaenda kudai nusu yake.

"Mama yangu," alisema Fidencio kwa sauti ya asali, "faida ni kama parachichi. Ukiibinya mapema unaiharibu."

Doña Melitona akamkaribisha nyumbani kula pozole, supu nzito ya mahindi na nyama ya nguruwe, nyekundu kwa pilipili. Fidencio alifuta mabakuli manne. Kwamba ndani yake zilikunwa bitiruti sita, pilipili haikumruhusu kujua.

Kulipokucha, jirani zake walisikia mayowe chooni, wakadhani nyumba inaungua.

Fidencio alijua habari zote za bitiruti. Tatizo ni kwamba, kwa alivyojua, hakuwa amekula hata moja. Alikimbilia kwa Doña Melitona na viatu vya aina mbili.

"Mama, nakufa! Inatoka nyekundu!"

"Pole, mwanangu. Si uchovu huo?"

"Usinitanie! Ule ulikuwa uongo, hii ni damu!"

Doña Melitona akampeleka kwa shoga yake Obdulia, muuguzi mstaafu. Obdulia alimbinya tumbo, akamkagua ulimi, akashusha pumzi kama mtu anayesoma wosia.

"Muda unao," alisema. "Lakini kila alfajiri uzunguke bustani mara nane mbio, halafu unywe juisi ya kijani ya Melitona. Majani ya dungusi yaliyotolewa miiba, seleri, tango. Ni dawa ghali, lakini."

"Ghali kiasi gani?"

"Wewe umebakiwa na kiasi gani?"

Akaleta mfuko mzima wa pesa. Siku ya kwanza alipitwa na bibi mwenye mkongojo. Siku ya tatu alitapika juu ya maua ya manispaa. Kila jioni Doña Melitona alimpa pozole ya kurudisha nguvu, na kwa muda wote mfuko ulipokuwa na uzito, rangi haikubadilika. Ulipobaki mtupu, Doña Melitona akaacha kukuna bitiruti.

Siku mbili baadaye Fidencio alikuwa mzima. Na kweli alikuwa mzima: tumbo limepungua, shavu linang'aa, mizunguko minane anaimaliza akiimba. Alipanda juu ya benchi mbele ya wakimbiaji wote, machozi yakimtiririka.

"Ndugu zangu, nilikuwa maiti! Juisi ya kijani ya mama huyu ndiyo imenifufua!"

"Na wewe hapo unapata nini?" aliuliza mmoja.

"Sipati hata senti! Naapa kwa mama yangu!"

Wakamwangalia usoni, wakaamini. Foleni ikageuka yote kuelekea meza ya Doña Melitona, ikapita chemchemi, ikazunguka kona.

Obdulia, mikono ndani ya beseni la glasi, alimnong'oneza shoga yake. "Tumwambie?"

Doña Melitona alimtazama Fidencio kule juu ya benchi, sauti imemkauka, anamsihi mzee mmoja anywe hata nusu glasi.

"Mwache," alisema. "Ndiyo mara yake ya kwanza kusema kitu anachokiamini. Lete glasi, watu wengi."