Fomu Yangu ya Kung Fu Mbele ya Mama

Wacha niwaambie mwenyewe kabla Kioko tuliyesoma naye hajawaambia, kwa sababu alikuwa hapo na simu yake ina kamera. Leo nimeaibika Kajiado mbele ya ukumbi mzima, na aliyeniaibisha ni mama yangu mzazi.

Kwa wale hatujaonana tangu shule: niko na miaka sita nikijifunza kung fu ya Shaolin hapa Kitengela. Siku za kazi nauza misumari na mabati kwa hardware. Jumamosi tuko mazoezini na Mwalimu Lemayian. Sasa mwalimu anafungua darasa lingine Kajiado mjini, na leo alikuwa anachagua nani atalifundisha, mimi ama Mueni. Kila mmoja afanye fomu mbele ya watu, halafu yeye aamue.

Fomu ni ule mfululizo wa mikao na mapigo unafanya peke yako, kama unapigana na mtu haonekani. (Mama nilipomwambia naenda Kajiado kufanya fomu, aliniuliza kama nimebeba kalamu.)

Mama yuko kwangu tangu wiki iliyopita. Ametoka Mwala kuona wajukuu. Ni mtu wa kanisa kabisa, na miaka hii yote amekuwa akiniombea niache "hiyo dini ya Wachina". Nimemweleza mpaka nikachoka kwamba si dini. Kwa hivyo leo nikasema twende, aone na macho yake, roho yake itulie. Pia nilitaka anione nikishinda. Hiyo sikumwambia.

Na mimi nilijua nimeshinda. Fomu yangu iko na kelele. Jana nilitia nguo yangu starch mpaka suruali ikawa inasimama yenyewe kwa ukuta, ndio nikitupa ngumi mkono wa shati unalia "pa". Watu hupenda hiyo pa. Mwalimu haipendi. Tangu nimjue ananiambia kitu kimoja: "Mutuku, nguvu haitoki kwa ngumi. Inatoka chini kwa kisigino, inapita kwa kiuno, ndio inafika kwa mkono. Kiuno ikilala, huo mkono ni wa kufukuza nzi." Mimi huitikia ndio mwalimu, halafu naenda kufanya mazoezi ya sura. (Niko na sura moja ya hasira nimeijaribu kwa kioo cha bafu karibu mwaka mzima.)

Tulifika Kajiado asubuhi. Ukumbi ulikuwa umejaa: wazazi, vijana wanaotaka kujiunga, wamama wa soko waliokuja kuangalia tu. Mbele kulikuwa na meza ya chai, thermos tatu na beseni ya mandazi. Mwalimu akaja kusalimia mama kwa heshima.

"Yeyo, takwenya."

Mama hajui Kimaasai hata neno. Akajibu, "Mzuri sana, asante," akakaa mstari wa kwanza na mkoba wake kwa magoti.

Hapo ndipo mwalimu alitangaza kitu hakuwa ametuambia. Alisema fomu nzuri huonekana ikisimamishwa. "Nitawaambia simama, mahali popote. Mkishasimama, mtu hajui kung fu atakuja awasukume kidogo. Fomu yenye nguvu haina mahali imelala."

Mueni akaanza. Mueni ni mwalimu wa nursery, mtu mdogo, sauti ya chini. Fomu yake ni ya polepole, haina pa hata moja. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisema anaonekana kama mtu anatafuta switch ya stima gizani. Katikati mwalimu akasema, "Simama hapo." Akasimama. Jamaa mmoja wa buchari, kifua kama mlango, akaja akamsukuma bega. Mueni aliyumba kidogo kama mti kwa upepo, akarudi mahali pake, akaendelea na fomu. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, lakini ya kuonekana tu.

Yangu ikafika. Nikaingia na ile sura. Pa. Pa. Nikaruka, nikazunguka, nikapiga teke mpaka mtoto mmoja akajificha nyuma ya mamake. Nikasikia mtu akisema, "Huyu ndiye mwenyewe." Nikaongeza spidi. Nikashuka chini kwa ule mkao wa mguu mmoja mbele, mikono yote juu kama mabawa, na mwalimu akasema, "Simama hapo."

Nikasimama. Starch nayo ikasimama.

"Nani atamsukuma?" mwalimu akauliza. Yule wa buchari akaanza kuinuka. Na mimi, kwa akili zangu timamu, bila kulazimishwa na mtu, nikasema, "Mwalimu, wacha mama yangu anisukume."

Niliona itakuwa picha nzuri. Mama anasukuma, mtoto hasongi, mama anajivunia.

Mama akaniangalia. "Nikusukume kwa nini? Umenikosea?"

"Sukuma tu, mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba. "Na nguvu zako zote."

"Nitakuumiza."

Ukumbi ukacheka. Mimi pia nikacheka, ile ya mtu mkubwa. Mama akaweka mkoba kwa kiti, akaja, akanitazama juu mpaka chini akitafuta mahali pazuri, halafu akaniweka vidole viwili hapa kwa kifua. Viwili. Sijui hata kama alikuwa ameanza kusukuma.

Nilienda na mgongo. Mikono ilikuwa bado juu kwa hivyo hakukuwa na kitu cha kushika. Nilipiga hatua tatu za nyuma, za haraka sana, kila moja ikiniambia nitasimama kwa inayofuata, mpaka nikakutana na meza ya chai. Thermos moja ikaanguka upande ule, Mungu saidia ilikuwa imefungwa. Beseni ikapinduka. Nikajipata nimekaa chini katikati ya mandazi, na suruali imepasuka goti.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Mama akaja mbio, akapiga magoti, akaanza kunipangusa vumbi. Akageukia watu, akaongea na ile sauti yake ya matangazo ya kanisa: "Msimcheke. Huyu hajakula. Asubuhi nimempikia viazi tamu akakataa, ati atakuwa mzito." Akaokota andazi moja, akalipuliza, akalileta kwa mdomo wangu. "Kula."

"Mama, niko sawa."

"Kula, Mutuku."

Niko na miaka thelathini na tatu. Niko na watoto wawili. Mbele ya watu nilitaka waniite mwalimu, nilifungua mdomo nikalishwa andazi. Nikatafuna. Lilikuwa na iliki, kwa ukweli lilikuwa tamu. (Hapo ndipo Kioko alipiga picha.)

Mwalimu Lemayian alikuwa ameinama, ameshika magoti. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo. Alipopata pumzi akamuuliza mama, "Yeyo, wewe hulima?"

"Nalima. Yale matuta ya shamba letu, Mutuku akiwa shule, nilichimba mwenyewe."

"Hebu simama vile husimama ukichimba."

Mama akafikiri ni mzaha. Lakini akavua viatu, akatanua miguu, mguu mmoja mbele, magoti yakalegea, akashika jembe ambalo halipo. Mwalimu akamwambia Mueni asukume. Mueni akasukuma bega, mama akabaki. Jamaa wa buchari akajaribu, akabaki. Halafu mama mwenyewe akaniita: "Kuja na wewe." Nikaenda na goti langu nje, nikasukuma polepole, nikasukuma kabisa. Ilikuwa kama kusukuma nyumba.

"Unaifanya aje?" mwalimu akamuuliza, ndio watu wasikie.

"Hakuna kitu nafanya," mama akasema. "Ukichimba na mikono, saa nne umechoka. Unaweka uzito kwa miguu, unaacha mwili uanguke na jembe, na unapumua. Ukibana pumzi utalimia hospitali."

Mwalimu akageukia wale vijana wapya. "Mmesikia? Mimi nimelipia miaka nane nifundishwe hiyo maneno."

Darasa la Kajiado amepewa Mueni. Ni haki yake na nimempa mkono, na hii mara makofi yangu yalikuwa ya ukweli. Mimi nimeambiwa nirudi kwa mkao wa farasi miezi mitatu, kusimama tu, bila kurusha hata ngumi moja. Nilikuwa nikingoja uchungu ufike, wa kukosa darasa, na mpaka saa hii haujafika. Labda ni kwa sababu wakati tukitoka mama alinishika mkono akaniambia, "Nimeona. Hii si dini. Hii ni kulima bila jembe. Endelea nayo." Miaka sita nimengoja hayo maneno.

Sasa niko hapa cyber, goti lina plasta, na yeye yuko nyumbani akipigia wenzake wa Mwala simu mmoja mmoja. Wakikufikia na hiyo hadithi, naomba usicheke sana. Na tukikutana barabarani, nisalimie kwa mdomo tu, vidole vyako kaa navyo.