Mji Ulioamriwa Kuwa Huru

"Kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Februari, wakazi wote wa Quimby Hollow watakuwa huru, na atakayekaidi atachukuliwa hatua."

Mwenyekiti Dexter Wadleigh alilisoma tangazo hilo kwenye ngazi za ofisi ya mji, theluji ikimwangukia mabegani, mbele ya wananchi wachache na mbwa mmoja asiye na mwenyewe. Wananchi walipiga makofi kidogo ili vidole vipate joto.

Hatua hiyo ilikuwa ya lazima kabisa. Mji jirani wa Stark Ferry ulikuwa umesimamisha kibao kando ya barabara, kikidai kwamba huo ndio mji huru kuliko yote katika jimbo la New Hampshire, Marekani. Tangu siku hiyo Mwenyekiti alikosa usingizi. Akakaa na wenzake wawili wa Baraza la Wateule linaloongoza mji, wakatafakari, wakatunga Sheria ya Uhuru. Katiba inampa kila raia haki ya kumiliki bunduki. Je, wananchi wangapi walikuwa wakiipuuza haki hiyo kwa uvivu tu? Kwa hiyo kila kaya iliagizwa kuwa na bunduki isiyopungua moja na kumwonyesha mkaguzi. Kaya itakayokataa kuonyesha bunduki yake itanyang'anywa bunduki hiyo.

"Haki isiyotumika huota kutu," alisema Mwenyekiti.

Corliss Gagnon, mkamata mbwa wa mji, aliteuliwa kuwa Mkaguzi Mkuu wa Uhuru wa Kaya. Hapakuwa na mkaguzi mdogo, lakini Mwenyekiti alimweleza kwamba cheo bila neno "Mkuu" ni supu bila chumvi. Akapewa kofia ya rangi ya chungwa na tochi. Jioni aliendelea kukamata mbwa.

Corliss aliipenda kazi ile kwa moyo wote. Alikuwa mtu wa kuamini. Akiambiwa kesho kutakuwa na jua, aliacha koti nyumbani, na akinyeshewa alilaumu mawingu, si msemaji.

Kaya ya kwanza ilikuwa ya Orrin Pelletier, mfuga nguruwe. Orrin alikuwa na bunduki sebuleni, jikoni, bafuni, na moja ndani ya piano.

"Hii ya kwenye piano ni ya nini?" aliuliza Corliss.

"Ya muziki," alisema Orrin. "Wewe andika. Na usikanyage mkia wa nguruwe, huyo ana hasira kuliko mke wangu."

Corliss akamtangaza Orrin kuwa huru kupita kiasi na kumwomba apunguze kidogo ili abaki na nafasi ya kulala.

Kwa mzee Alden Tuttle mambo yalikuwa magumu zaidi. Alden alikuwa Mkweka, mtu wa dhehebu lisiloshika silaha tangu enzi za mababu. Baraza likamwazima bunduki ya mji. Wiki iliyofuata Corliss aliikuta imeegemezwa kwenye banda la kuku, ikizuia mlango usifungwe na upepo.

"Rafiki yangu," alisema Alden, "kuku wamefurahi sana. Mlango ule ulitusumbua miaka mingi."

Corliss aliitazama, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Inatumika.

Kisha akafika kwa Lurline Gagnon.

Lurline alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake. Baba yule alipotoka kwenda kununua betri za redio na kusahau kurudi, Lurline ndiye aliyemlea Corliss. Ndiye aliyemfundisha kulenga makopo juu ya uzio kwa bunduki ya marehemu mumewe, Armand. Bunduki ile ilikuwa na kitako cha mti wa jozi kilicholainika kwa shavu la Armand, kisha kwa la Lurline, na mwishoni kwa la Corliss mwenyewe. Hapakuwa na mtu Quimby Hollow asiyejua kwamba ilitundikwa juu ya jiko.

"Hodi, Shangazi. Nimekuja kikazi."

Lurline alifungua mlango upana wa uso wake. "Kikazi, basi simama hapohapo. Serikali haiingii na matope. Ukimwona mtoto wa kaka yangu mwambie kuna pai ya tufaha."

"Naomba tu unionyeshe bunduki."

"Bunduki gani?"

"Ya Mjomba Armand. Ile ya juu ya jiko."

"Sijasema ipo. Sijasema haipo."

"Shangazi, nimeishi humu miaka yote. Naijua."

"Corliss Gagnon anaijua. Hiyo kofia haijui kitu." Akaitazama kofia ya chungwa kama mtu anayetazama uyoga asioujua. "Nimekaa na bunduki maisha yangu yote kwa sababu nilitaka. Siku nitakapokaa nayo kwa sababu Dexter Wadleigh kaniamuru, itakuwa ya Dexter. Na mimi sipokei vitu vya Dexter. Kwaheri, mwanangu. Funga koti."

Corliss alirudi ofisini akiwa amefunga koti. Alimkuta Mwenyekiti akichora kibao kipya cha barabarani, kikubwa kuliko kile cha Stark Ferry.

"Hajaionyesha?" alisema Mwenyekiti. "Basi amekiuka. Kama amekiuka, inyang'anywe."

"Lakini mheshimiwa, nitanyang'anyaje kitu ambacho sijathibitisha kwamba kipo?"

"Ukishakinyang'anya kitakuwa kimethibitika."

Corliss alifikiri. Hoja ilikuwa imenyooka kabisa, na hilo ndilo lililomtia hofu.

"Hawezi kunifungulia, mheshimiwa."

"Nitaomba kibali kwenye mkutano wa mji. Kifungu kimoja tu: Mkaguzi aingie bila hodi. Kesho yake asubuhi unaingia kwa shangazi yako, unaiteremsha, unaniletea. Itakaa vizuri hapo juu ya meza yangu, kama mfano kwa wengine."

Mkutano wa mji wa Quimby Hollow hufanyika Machi, wakati theluji inapogeuka matope na hakuna mtu mwenye kazi nyingine ila kuchemsha utomvu wa miti kupata sharubati. Watu wote wenye haki ya kupiga kura hukusanyika katika ukumbi wa michezo wa shule. Wanawake hufuma sweta, wanaume husinzia, na nyuma kabisa panakuwa na vyungu vya maharage matamu yaliyookwa usiku kucha. Hapo mtu yeyote, awe mfuga nguruwe au jaji mstaafu, anaweza kusimama na kusahihisha sheria, na wengi wakiitikia "ndiyo," imekuwa sheria. Mwenyekiti Wadleigh aliusifu sana utaratibu huu, hasa katika miaka ambayo hakuna aliyeutumia.

Kifungu kiliposomwa, Lurline alisimama, sindano za kufumia zikiwa bado mkononi. Corliss alijiinamia kwenye kiti.

"Msimamizi," alisema Lurline, "mimi siipingi sheria ya Mwenyekiti. Nimeifikiria, nimeona ina upungufu. Inatulazimisha haki moja tu. Sasa zile nyingine zikae ziote kutu?"

Orrin alizinduka.

"Naomba palipoandikwa 'haki ya kumiliki bunduki,' tuandike 'haki zote zilizomo katika Katiba.' Ziwe lazima, zote, kwa kila mtu."

Msimamizi, ambaye siku nyingine ni daktari wa ng'ombe, alimgeukia Mwenyekiti. "Una pingamizi?"

Uchaguzi ulikuwa karibu. Ni kiongozi gani angesimama mbele ya wapiga kura wake, maharage yakinukia, na kupinga haki zote?

"Hakuna mtu anayependa haki kuliko mimi," alisema Mwenyekiti.

"Na inawahusu wateule pia?" aliuliza Lurline.

"Hasa wateule."

"Ndiyo" iliyopigwa ukumbini ilitikisa vyungu.

Asubuhi yake Corliss aliamka mapema, akaisoma Katiba yote kwa mara ya kwanza tangu shule, akafika kwa shangazi yake akiwa na uso unaong'aa kama sarafu mpya.

"Shangazi, siwezi kuingia."

"Kwa nini?"

"Una haki nyumba yako isipekuliwe bila hati ya mahakama. Na sasa ni lazima uitumie, hata kibali cha kuingia bila hodi hakiishindi. Hata ukinikaribisha nikague, nitakuwa nakuvunjisha sheria. Na mahakama haitoi hati kwa sababu mtu hakuonyesha bunduki yake, nimeshauliza."

"Maskini," alisema Lurline. "Basi niletee kuni hapa mlangoni."

Mwenyekiti alipolisikia hilo aliita kikao cha dharura, lakini hakukifikia, kwa sababu uwanja wa nyumba yake ulikuwa umejaa watu. Raia ana haki ya kukusanyika na kuipelekea serikali malalamiko yake. Sasa kila kaya ilipaswa kukusanyika na kulalamika, na Corliss alihakikisha hakuna aliyebaki nyuma. Wasio na malalamiko walisaidiwa kuyatafuta. Alden Tuttle, ambaye hakuwahi kumlalamikia mtu, alihangaika mpaka mchana, kisha akalalamika kwamba walalamikaji wanakanyaga maua ya Mwenyekiti.

Uhuru ukashika kasi. Orrin, ambaye hakuwa ameingia kanisani tangu siku ya harusi yake, alilazimika kuabudu. Akachagua kukaa na nguruwe wake mmoja kila Jumapili kwa ukimya, na wote wawili walionekana kupata amani. Tena, Katiba inasema raia hawezi kulazimishwa kumlaza askari nyumbani kwake, hivyo kila kaya ililazimika kumkataa askari. Tatizo ni kwamba Quimby Hollow ilikuwa na askari mmoja tu, mpwa wa Orrin aliyekuja likizo. Ikabidi apite nyumba hadi nyumba akikataliwa. Watu waliona haya kumfukuza kijana mikono mitupu, wakampa pai. Alirudi kambini na suruali isiyofungwa.

Mwenyekiti akashindwa kuvumilia. Asubuhi moja alitoka barazani kwake akiwa amevaa nguo za kulalia.

"Huu ni upuuzi," aliwaambia walalamikaji. "Sikukusudia hivi. Sheria hii ni ya kufuatwa na ninyi, siyo mimi, na mimi siifuati tena."

Lurline, aliyekuwa mstari wa mbele na kiti chake cha kukunja, alimtazama Corliss.

"Mkaguzi, umesikia?"

Corliss alikuwa amesikia, na alihuzunika kwa dhati. Alivua kofia, kisha akakumbuka kwamba ni ya kazi, akaivaa tena.

"Mheshimiwa, umekiri kuvunja sheria. Sasa wewe ni mshtakiwa. Una haki ya kukaa kimya."

"Kimya cha nini? Nimesema—"

"Ni ya lazima, mheshimiwa."

Mwenyekiti alifungua mdomo. Corliss alitikisa kichwa polepole, kwa huruma, kama anavyofanya kwa mbwa anayetaka kubweka. Mdomo ukafungwa.

Mshtakiwa ana haki ya kuhukumiwa na jopo la raia kumi na wawili, haki ambayo nayo sasa ilikuwa lazima, na jaji wa wilaya hangefika huko milimani kabla ya Juni. Mke wa Mwenyekiti alimwendea Corliss kwa siri na kumuuliza kama kuna uwezekano kesi isiharakishwe sana.

Basi Dexter Wadleigh alikaa kimya. Alihudhuria vikao vyote na kukohoa. Wenzake wawili, wakikosa wa kuwaambia cha kukubali, hawakukubali kitu. Hakuna amri mpya iliyotoka. Matope yalipozidi, Orrin alichukua trekta lake akalijaza changarawe shimo la barabara ya kanisani, bila kuteuliwa kuwa Mkuu wa chochote. Kamati ya kibao cha barabarani ilififia yenyewe. Maua ya Mwenyekiti yakachipua tena, na Alden akawa anapita kuyamwagilia.

Mapema Juni, kabla jaji hajafika, uliitishwa mkutano maalumu. Lurline alisimama tena, sweta ikiwa imebaki mkono mmoja.

"Msimamizi, nimechoka kuwa huru kwa amri. Jana nilitaka kunyamaza, nikakumbuka nina zamu ya kulalamika. Naomba sheria yote ifutwe, na kesi ya Dexter ifutwe nayo. Anayetaka bunduki awe nayo, asiyetaka asiwe nayo, na jikoni kwangu asiangalie mtu ambaye sijamkaribisha kula."

"Ndiyo" ya safari hii haikutikisa vyungu. Ilikuwa kama watu wanaoshusha mizigo.

Corliss aliivua kofia ya chungwa, akaiweka mezani. Akapanga foleni ya maharage nyuma ya shangazi yake.

"Shangazi," alinong'ona, "sasa mimi si serikali. Ipo au haipo?"

Lurline alimpakulia. "Jumapili njoo ule pai. Una macho."

"Sitaangalia juu ya jiko," alisema Corliss, na alimaanisha.

"Ndiyo maana nakukaribisha."

Kabla ya kufunga mkutano, Orrin Pelletier aliomba neno. Alisema amekaa Quimby Hollow tangu azaliwe, na hakumbuki majira ya kuchipua yaliyotulia kama haya. Barabara inapitika. Hakuna mtu aliyekaguliwa. Kwa hiyo alipendekeza mkutano umpe Mwenyekiti shukrani rasmi kwa uongozi bora kuliko wote alioufanya, na kwamba agombee tena. Pendekezo lilipita bila sauti hata moja ya kupinga.

Mwenyekiti Wadleigh alisimama. Macho yalimlowa. Alikuwa huru kusema tena, na hotuba aliyoiandaa tangu Aprili ilikuwa imemjaa mpaka kooni. Alivuta pumzi, akanyoosha kidole juu.

Ukumbi mzima ukamwangalia. Lurline hakuinua hata kichwa kutoka kwenye sweta yake.

"Usiharibu, Dexter," alisema.

Mwenyekiti alifikiri kidogo. Kisha, kwa hiari yake mwenyewe, akakaa.