Uzinduzi wa Wakala Mnemba wa Mashudu, Bariadi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakufika lakini kiti chake kipo hapa mbele na koti langu linamwakilisha; Mwenyekiti wa Umoja wetu wa Wauza Mashudu, Mzee Masele; wajumbe wa kamati, wajumbe wa kamati ndogo ya kamati, mapadre, wachungaji, waganga wenye vibali, wafugaji wa Sapiwi na Nkoma mliowahi kufika kuliko meza kuu, pamoja na ng'ombe mliokuja nao; itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haijazingatiwa naomba izingatiwe. Mwangaluka. (Wachache: Mwangaluka.)

Mimi Elia Luhende, Mratibu Mwandamizi wa Mageuzi ya Kidijitali katika Mnyororo wa Thamani wa Mashudu, nimesimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa ambao si kila kiongozi anao, kutamka rasmi kwamba kuanzia leo chakula cha ng'ombe cha Umoja huu kinauzwa na wakala wa akili mnemba, yaani mashine isiyolala, isiyonuna na isiyoomba ruhusa, itakayomsaidia binadamu katika mauzo mpaka binadamu apumzike kabisa. (Makofi ya meza kuu.)

Ndugu zangu, katika miezi minane ya majaribio wakala amejibu ujumbe elfu mbili mia nne na kumi na saba, na kuridhika kwa wateja kumepanda hadi asilimia mia moja na kumi na mbili, kwa mujibu wa dashibodi, ambayo kwa sasa ni daftari. Mnajua wenyewe kwamba mtu wa Sapiwi humuuzii gunia kabla hujamsalimia, ukauliza kaya, ukauliza watoto, ndipo ukafika kwenye ng'ombe. Wataalamu wa mjini walisema mashine haiwezi. Ya kwetu inaweza. Mzee Malimi aliandika anataka magunia manne, akaulizwa kwanza yule ndama wa mabaka anaendeleaje, na mguu wa kushoto ukatajwa. Hiyo ndiyo data kubwa. (Watu wanageuka kumtazama Bi. Minza, muuzaji wa ghala, aliyekaa mstari wa pili.) Naomba tutazame mbele.

Sisemi hapakuwa na changamoto. Mwezi uliopita sistimu ilizima siku tatu, tukatoa taarifa kwamba ni matengenezo, na iliporudi iliwaandikia wateja wote, "Samahanini, nilikuwa Nkoma kumzika mama mdogo." (Sauti ya mzee: Pole sana, mayu Minza.) Wasiojua watacheka, lakini hiyo ni moduli ya utu, na mataifa makubwa bado yanaitafuta.

Sasa kwa kuwa wakala ameiva, kamati imeridhia nafasi ya muuzaji ifutwe. Dada Minza, miaka kumi na moja umelibeba ghala hili, ukasomesha wanao hapa hapa. Kwa niaba ya Umoja nitakukabidhi cheti hiki, nawe utatukabidhi funguo kabla ya chakula. (Minong'ono. Minza anasimama, anaweka funguo mezani, cheti hakichukui, anarudi kukaa.) Nidhamu kama hiyo ndiyo tunayoitaka.

Na ili msije mkasema nimeleta maneno matupu, namwandikia wakala hapa hapa mbele yenu: "Naomba magunia mawili." Nimetuma. (Simu inalia kwenye pochi ya Minza. Kicheko kirefu.) Mtandao wetu ni mpana, unafika popote.

Tuhitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema Wakala, mseme Kazini. Wakala. (Wafugaji wanatazamana.) Wakala. (Ng'ombe mmoja analia.) Ahsante.

Nimalizie kwa shukrani. Naishukuru kampuni itakayoshinda zabuni ya kumtengeneza wakala, zabuni ambayo tutaitangaza mara barua ya kuombea kibali itakapoandikwa. Na kwa namna ya pekee namshukuru Dada Minza, aliyejibu ujumbe wote huo kwa simu yake na vidole vyake, huku nikimwahidi kila wiki kwamba mashine iko njiani. Dada, kabla hujaondoka, kuna mteja wa Lagangabilili anasubiri jibu. (Minza anazima simu, anajifunga kitenge chake, anaelekea getini. Wafugaji wanasimama, wanaswaga ng'ombe wao kumfuata.)

Mlinzi, funga geti. Wakala anaondoka.