Njiwa Waliohamia kwa Bwana Ubeid

Melkiori Tarsis,
Muuza Maharage, Jumla na Rejareja,
Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.

Alhamisi, 12 Agosti 1976

Ndugu Katibu wa Tawi,

YAH: OMBI LA KUPIGA NJIWA RISASI KABLA YA JUMAMOSI

Najua una mengi mezani, na mimi si mtu wa kukimbilia ofisini kwa kila jambo. Mara ya mwisho nilikuandikia kuhusu mbuzi aliyekula bango la mkutano, na lile lilikuwa suala la kitaifa. Hili la leo ni zito zaidi.

Kundi zima la njiwa waliokuwa wakilala kwenye paa langu tangu nilipoezeka bati wamehama. Hawakwenda mbali. Wamevuka barabara tu, wakatua kwa jirani yangu Bwana Ubeid, muuza kanga, ambaye ni mtu mstaarabu, lakini kwa hili amenivunjia heshima. Niliamka Jumatatu nikakuta paa tupu na mavi yao tu. Hata kuaga hawakuaga!

Utasema njiwa ni ndege, huruka watakako. Ngoja kwanza. Wewe ni mtu wa Pwani, unajua kuliko mimi kwamba njiwa hawakai kwenye nyumba ya ugomvi. Wakihama, mtaa hauulizi wamefuata nini huko. Mtaa unauliza kuna nini humu ndani. Na Jumamosi hii napokea wageni kutoka Rombo, wanakuja kumposa binti yangu Winifrida. Mchumba mwenyewe, Marcelino, fundi magari wa Buguruni, kijana mtaratibu, aliwaandikia wazee wake kwamba amepata mke katika nyumba ya amani, nyumba ambayo njiwa wamejaa juu ya paa. Baba yake hana neno. Tatizo ni shangazi yake, Bi Evarista, aliyekaa Tanga miaka mingi. Nasikia huyo mama akifika kwa watu hutazama paa kabla ya kusalimia. Akiliona langu, posa imekufa. Winifrida hali chakula, anakwenda dirishani, anatazama ng'ambo, anarudi. Mimi ni baba yake, Ndugu Katibu, naumia.

Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili usisumbuke.

1. Nyumbani kwangu hakuna ugomvi. Mimi na mke wangu Candida tunaelewana sana. Hatujasemeshana tangu Jumapili, sasa ugomvi utapitia wapi? Yalikuwa maneno madogo tu, kwamba nimekaribisha wakwe bila kumwambia, na yeye habari akazipata kwa Bi Saadiya, mke wa Ubeid, wakiwa foleni ya sukari. Alisema aliyoyasema. Mimi nikajibu kiume, yaani nikatoka nikaenda kukaa dukani. Tangu hapo nyumba imetulia kuliko kanisa siku ya Jumanne. Chakula naletewa. Kinabamizwa mezani, lakini kinaletwa. Kwa hiyo njiwa wamenisingizia, na kumsingizia mwananchi ni kosa.

2. Bwana Ubeid anawahonga. Kila asubuhi akitoka kuswali anapanda juu na bakuli la mtama, anawamwagia huku akiwasemesha kwa sauti laini ambayo sisi wateja wake hatujawahi kuisikia. Mtama, Ndugu Katibu, na sisi tunapanga foleni ya unga! Nilipomwuliza kwa upole alinijibu kwamba ndege aliyetua kwako ni mgeni wa Mungu, na mgeni hafukuzwi. Haya, vema. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu imeshapita na sijaona njiwa hata mmoja aliyeshika jembe. Wanakula jasho la mkulima, wanalala, wanaamka, wanakula tena. Viumbe wa namna hiyo wana jina lao, na wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha mkutanoni.

3. Wakati wananchi wanahamia vijijini, njiwa wanahamia Kariakoo. Nani kawapa ruhusa? Kila mwaka masika yakiisha na mpunga ukivunwa, njiwa wa porini hushuka makundi kwa makundi kufuata nafaka inayomwagika sokoni. Mwaka huu wamekuja wengi ajabu, na nina hakika hao ndio waliowaharibu wa kwangu. Wa kwangu walikuwa na nidhamu.

4. Hii nimeifuta. Ilimhusu Roho Mtakatifu. Mke wangu alipita nyuma yangu akaisoma juu ya bega, akaguna.

Basi, tufanyeje? Sikuombi uwarudishe, maana nimejaribu. Nilipanda juu ya paa na debe la maharage, soya nzuri kabisa, nikapiga mluzi. Hawakuja. Waliokuja ni watu wa mtaa, walisimama chini wakanitazama mpaka nikateremka.

Kwa hiyo naomba wapigwe risasi wote. Usishtuke, nisikilize. Njiwa wakiwa kwa Ubeid na kwangu hawapo, mgomvi ni mimi. Lakini wasipokuwepo kwa mtu yeyote, mtaa mzima uko sawa, na usawa ndiyo siasa yetu. Bi Evarista atatazama paa langu, tupu. Atageuka atazame la Ubeid, tupu. Atajua hii ndiyo Dar es Salaam, na ataingia ndani kunywa chai.

Kuhusu windo lenyewe, matumaini ni makubwa. Nimeacha duka ili niwachunguze. Asubuhi wanakwenda sokoni kwa pupa, hapo huwawezi. Jua likikaza wanakwenda kunywa maji Msimbazi. Jioni ndipo wanaporudi, wameshiba, wazito, wanapita chini kabisa mbele ya roshani yangu kama wazee wanaotoka kwenye karamu. Hata mtu asiyejua kulenga atapata, na mimi najua kidogo. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mwinyimvua, ana gobole la kufukuzia nguruwe shambani kwake, ila amekataa kuniazima bila barua yako. Anasema gobole hilo likilia huanguka mlengaji kabla ya mlengwa. Nitaegemea tangi la maji. Naomba pia umwagize Bi Saadiya aanue nguo zake mapema, sitaki lawama.

Na nyama hapo tutakuwa tumepata, maana bucha letu siku hizi lina ndoano tu. Kwetu Uchagani nyama ya wakwe hugawanywa kwa heshima, kila mkubwa na kipande chake, na bado sijajua njiwa mmoja atagawanywaje kwa wazee saba. Hilo ni la ukoo, wewe usihangaike nalo.

Endapo risasi hazipatikani, nina pendekezo jingine. Bwana Ubeid aamriwe na Tawi kugombana na mkewe. Si ugomvi mkubwa, la hasha. Waanze Ijumaa jioni, wapatane Jumamosi wageni wakishakaa. Njiwa watakimbia huko, na pengine wataona aibu warudi kwangu. Wakishindwa kuuanza wenyewe, mimi nipo, nitawasaidia.

Pendekezo la tatu sina. Nakuomba unijibu haraka, nisije nikamwona mwanangu anaachwa kwa sababu ya ndege. Nisalimie wote hapo tawini, karani, mlinzi, yule mama wa chai, pamoja na wajumbe walionicheka kwenye lile suala la mbuzi. Paa lako nawe lisikae tupu.

Mimi mwananchi mwenzako, ninayejenga Taifa nikiwa na mawazo,

Melkiori Tarsis

N.B. Jumapili, baada ya misa. Ijumaa nilikuta ofisi imefungwa, mmekwenda kulima shamba la Tawi. Nakuletea barua hii kwa sababu tu Mzee Mwinyimvua ameshakwambia kwamba inakuja, nawe usije ukafikiri nimekudharau.

Wageni walifika jana. Marcelino alichelewa gereji, kwa hiyo wazee wakaja peke yao, wakawa wanauliza njiani iko wapi nyumba yenye njiwa. Watu wakawapeleka. Wazee saba wa Rombo, na mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, wakaingia moja kwa moja barazani kwa Bwana Ubeid! Mimi nilikuwa juu kwenye roshani yangu naona kila kitu. Yule bwana hakukunja uso. Mtungi aliuomba ukae nje kivulini, akaufunika kwa kanga mpya kutoka dukani kwake, akawapa kahawa na halua. Bi Evarista akatazama paa, akapiga vigelegele palepale. Ndipo Bwana Ubeid akamwambia, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia: "Mama, nyumba ya binti ni ile ng'ambo. Njiwa hawa ni wa Melkiori. Kwangu wanakuja kula tu, mwenzangu ana shughuli." Halafu akawavusha barabara mwenyewe, amemshika shangazi mkono.

Candida alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniuliza, "Umesikia?" Nikamwambia nimesikia. Tukashuka pamoja kuwapokea. Posa imekubaliwa, Winifrida amekula sahani mbili, na Bwana Ubeid na Bi Saadiya nimewaweka meza ya wazazi.

Njiwa bado wako kwake. Waache huko huko. Risasi sitaki tena, gobole sitaki, na lile pendekezo langu la pili nakusihi ulichane vipande vipande. Tena ulichane upesi, kwa sababu barua hii anakuletea Bwana Ubeid mwenyewe. Alikuwa anapita huko, akasema nisijisumbue kwenda. Usiisome mbele yake.