Mgonjwa Apikwe

Kituo cha Afya Lugwadu,
Barabara Kuu ya Mbeya–Iringa.

Kwa: Katibu, Kamati ya Mwongozo wa Matibabu
Kupitia kwa: Muuguzi Mfawidhi (yupo, ila amecheka na hakusaini)

YAH: MALALAMIKO KUHUSU HERUFI K

Mheshimiwa Katibu,

Naandika kwa unyenyekevu mkubwa. Mimi ni karani mpya hapa kituoni, niko kwenye kipindi cha majaribio, bado sijathibitishwa kazini. Naomba barua hii isomwe kwa kuzingatia hilo, na ikiwezekana isisomwe kwa sauti.

Katika toleo jipya la Mwongozo, sura ya homa, imeandikwa: "Mgonjwa apikwe kabla ya kuandikiwa dawa." Kwa heshima zote naamini Kamati ilikusudia "apimwe". Kwenye kompyuta herufi K na M ni majirani, na kidole kilichochoka kinaweza kubisha hodi nyumba siyo. Simlaumu mtu. Ila kwa sababu ya jirani huyo yamenipata yafuatayo:

1. Sista Severina, Muuguzi Mfawidhi wetu, hufuata Mwongozo neno kwa neno. Mwaka jana wakaguzi walimkaripia kwa kutumia akili yake, akaahidi kwa maandishi kwamba hatarudia. Aliposoma "apikwe" alitafakari, akaona kwamba kumpika mgonjwa ni kinyume cha maadili ya uuguzi, hivyo maana yake lazima iwe "apikiwe". Nikamweleza kuwa ni "apimwe". Akacheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Mwanangu, wewe pika tu."

2. Ndivyo nilivyopata jiko. Mwongozo hausemi nani apike. Wauguzi wana zamu, mlinzi ana lango, na mimi ndiye niliyeonekana nimekaa. Nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, Mheshimiwa, na sasa nachambua maharage. Fomu ya tathmini itakayoamua kama nathibitishwa au narudi nyumbani Tukuyu imeongezwa kipengele cha chumvi.

3. Ukurasa huo umebandikwa ukutani, pale wagonjwa wanaposubiri. Bibi Eveline wa hapa kijijini aliusoma mwenyewe, akaiangalia sufuria yangu kubwa, akausoma tena, akajifunga kanga vizuri, akaondoka. Hajarudi. Takwimu zetu zinamhesabu kuwa amepona.

4. Wengine hawaondoki kabisa. Madereva wa malori ya mbao kutoka Mafinga siku hizi hushikwa na homa saa sita mchana, wote pamoja, na hupona wakishanawa mikono. Mzee Danieli wa Igawa alikuja anaumwa goti. Akaambiwa goti halina chakula. Akatoka nje, akarudi na homa. Alipokuta siku hiyo ni viazi, alinifokea mbele ya watu: "We karani, hii siyo homa ya viazi!"

5. Kisha akaja Ndugu Ezron, mtaalamu wa tathmini ya teknolojia za afya, yaani yule anayeangalia kama dawa au kifaa kipya kinastahili gharama yake. Nilifurahi, nikadhani nimepata mtetezi. Akatuandika mimi na sufuria kuwa teknolojia moja. Akataka ulinganisho: kundi moja lile makande, jingine viazi, na mgonjwa asijue anachokula. Tukawafunga vitambaa machoni. Mzee Danieli, akiwa amefungwa hivyo hivyo, alitaja aina ya maharage na kwamba yamenunuliwa duka la Burhanuddin. Kundi la viazi liliposikia harufu likahamia lote kwenye makande, utafiti ukiwa katikati. Ndugu Ezron aliandika kwamba makande "yanakubalika sana kwa walengwa", akaomba mengine afungiwe ya safari.

6. Dada Frida, mtaalamu wetu wa maabara, hana mgonjwa wa kumpima. Amesomea hadubini, lakini siku nzima anafuma vitambaa vya meza. Upotevu huu wa utaalamu unaniuma kuliko hata moshi wa kuni.

7. Mwisho, naogopa sura zinazofuata. Kama kidole kile hakikupumzika, toleo lijalo litasema mtoto apikwe uzito na mama mjamzito apikwe presha. Sista Severina atatafuta namna ya kutii, na sufuria tunayo moja.

Kwa hiyo naomba Kamati itoe waraka mfupi wa kuifuta K na kuirudisha M, ili wagonjwa wapimwe, Dada Frida arudi kwenye hadubini yake, na mimi nirudi kwenye mafaili kabla majaribio yangu hayajaisha.

Wasalimieni wanakamati wote na watoto wao, na mpiga chapa wenu, ila naomba asitajiwe jina langu. Madereva wa mbao nao wanawasalimu, na wanauliza kama toleo lijalo lina nyama.

Ni mimi mtiifu wenu, ninayenuka vitunguu,

Andendekisye Mwasomola
Karani (majaribio)

Baada ya sahihi: Nimempa Dada Frida barua hii anikagulie herufi kabla sijaituma. Ameisoma yote, akaniuliza, "Karani, apimwe kwa nini?" Nikaanza kumweleza sababu za kitaalamu. Akasema, "Sijauliza sababu. Nauliza apimwe kwa kitu gani?" Akanifungulia kabati. Ni tupu. Vipimo vya homa, na hata vioo vya hadubini, vilikwisha kabla Mwongozo haujafika na kabla mimi sijaripoti. Viliagizwa, vikaagizwa tena, havijaja. Anasema zamani wagonjwa walikuwa wakisikia hakuna vipimo wanageuza palepale mlangoni. Siku hizi wanakaa ili wale, na wakikaa Sista anapata muda wa kuwatazama mmoja mmoja. Wawili waliokuwa wamezidiwa aliwagundua wakiwa na sahani mkononi, akawawahisha hospitali, na wote wako hai. Sasa ndipo nimeelewa Sista alichokuwa akicheka.

Hivyo, Mheshimiwa, kama M inakuja pamoja na vipimo, ileteni hata leo. Kama inakuja peke yake, tuachieni K, na mtuongezee sufuria ya pili.