Kupinga Matokeo ya Kutema Kokwa

Shamba la Haddrill,
Barabara ya Mtoni,
Wirrabilla.
Jumatano, baada ya chai ya saa nne.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mashine yako ya kuchapia imepona. Mimi ni mzima wa mwili ila nina uchungu, na uchungu huo naomba uupe nafasi kwenye ukurasa wa barua, pale juu kabisa, mahali ambapo kwa kawaida unamweka Bwana Clive Ostler.

Wasomaji wako wananijua. Ni mimi Desmond Haddrill wa micheri ya bondeni, ambaye kwa miaka mingi nimeandika humu kwamba hali ya hewa haijabadilika, inachezacheza tu kama ilivyocheza siku zote. Bwana Clive, mwalimu mstaafu, amekuwa akinijibu kwamba imebadilika na kwamba mimi ni kichwa maji. Ushahidi wangu ni sweta. Nikiamka nikalivaa, najua dunia haijapata joto. Ushahidi wake ni kila kitu kingine. Kuku wake akiacha kutaga, ni hali ya hewa. Tairi lake likipasuka, ni hali ya hewa. Mkewe alipohamia kwa dada yake huko pwani, Clive aliandika aya tatu na hali ya hewa ilikuwamo kwenye zote. Tulikuwa tunaishi vizuri sana, maana hakuna aliyemsikiliza mwenzake.

Aliyeharibu mambo ni binti yangu Kerrin, anayeendesha shamba tangu goti langu ligome. Huyo habishani. Alikuja jikoni siku moja, akavuta kiti, akasema, "Baba, ile micheri ya bondeni hailali tena. Baridi haitoshi. Na mti usiolala wakati wa baridi hauamki vizuri. Umeyaona maua? Moja huku, moja kule, kama nywele zako. Tuing'oe, tupande mizeituni." Nikamwambia mbona asubuhi ile nilikuwa nimevaa sweta. Akasema, "Baba, wewe sweta unavaa hata Krismasi, jua linawaka, jasho linakutoka!" Mama yake, Noelene, akacheka mpaka akaweka sufuria chini. Nikajua niko peke yangu.

Micheri ile ilipandwa na marehemu baba yangu. Nilijifunza kutembea nikiishika mashina. Kuing'oa ili kupanda zeituni, tunda ambalo hata ndege wa hapa wanalionja na kulitema, sikuwa tayari na wala siwezi kujifanya nilikuwa tayari. Basi tukafanya kama Wirrabilla inavyofanya watu wakishindwa kuelewana: tukalipeleka jambo letu kwenye mstari wa chokaa, ule wa kutemea kokwa za cheri. Si mpaka wetu na kina Ostler uliamuliwa kwa kutema kokwa? Na zamu za maji ya mfereji? Na nani aimbe peke yake kanisani? Tukakubaliana kwamba Sikukuu ya Cheri, mwezi Desemba, mbele ya mji mzima, kokwa yangu ikienda mbali zaidi micheri inabaki, na ya Kerrin ikienda mbali inang'olewa. Tukapeana mikono. Sikuwa na wasiwasi, kwa kuwa mimi ni bingwa wa mji huu tangu nikiwa na meno yangu yote.

Nilishindwa, Ndugu Mhariri, tena si kwa kidogo. Sasa ni Julai, katikati ya majira ya baridi, na trekta la kung'olea linakuja Jumatatu. Ninapinga matokeo kwa sababu zifuatazo.

1. Kokwa hazikuwa zetu. Cheri za hapa ziliiva mapema mno, zikaisha kabla ya sikukuu yenyewe, ikabidi kamati iagize masanduku kutoka kisiwa cha Tasmania. Mimi nimezoea kokwa ya nyumbani, uzito wake naujua kwenye ulimi. Kokwa ya Tasmania ni nene na ina maringo. Wapo watakaouliza kwa nini cheri zetu ziliiva mapema hivyo. Hilo ni swali la uchochezi na halihusiani na kutema.

2. Mdomo wangu ulikuwa mkavu. Siku ile joto lilipanda hadi lami ya mbele ya posta ikaanza kung'ang'ania viatu vya watu, na mwenyekiti wa kamati alifungua sherehe akiwa na kiatu kimoja. Bila mate hakuna kutema, hilo hata daktari atakwambia. Marehemu baba yangu aliweka rekodi ya mji mwezi huohuo wa Desemba akiwa amevaa koti. Koti, Ndugu Mhariri! Picha iko ukutani hapo ofisini kwako. Naitaka kamati ieleze ni nani aliyeigusa Desemba, na kwa idhini ya nani.

3. Upepo. Zamani upepo wa siku ya sikukuu ulitoka kusini, umepoa, na mabingwa wote tulijifunza kutema nao. Safari hii ulitoka magharibi, wa moto, umebeba moshi wa misitu iliyokuwa inaungua kule milimani. Nilipiga chafya kokwa ikiwa njiani. Nilipolalamika, Kerrin alikiri mwenyewe, tena bila aibu, kwamba kwa wiki nyingi alikuwa akifanya mazoezi na upepo wa magharibi. "Si ndio uliopo siku hizi, Baba," alisema. Huu ni udanganyifu. Mtu kujiandaa kwa jambo ambalo mwenzake amekataa kuliamini ni kumvizia.

4. Bwana Clive alinishangilia. Alisimama pembeni ya mstari akipiga kelele, "Des, kaka! Tema hiyo kitu! Usituangushe!" Mtu aliyeniita kichwa maji katika gazeti lako mara nyingi kuliko alivyowahi kuniita kwa jina langu! Nilimvuta kando nikamuuliza amekunywa nini. Akanijibu, "Wewe ukiachia ngazi, mimi nitabishana na nani? Na huyo mtoto asiyebisha?" Nikamwonea huruma, na huruma hulegeza mashavu. Nikatema nikiwa nimelegea.

5. Hili linaniuma zaidi, na ninaliandika polepole. Kerrin aliposhinda hakushangilia. Alitoka akaenda nyuma ya hema la keki, na Noelene akamkuta huko analia. Nauliza wasomaji wenye akili timamu: mshindi wa halali hulia? Mwenye haki angeruka, angenicheka, angenimwagia maji kama tunavyofanya. Nilimuuliza kulikoni, akasema, "Nilitaka unishinde, Baba. Halafu nikaogopa ungenishinda kweli, tukabaki na miti iliyokufa." Maneno hayo hayaeleweki, na mashindano ambayo mshindi wake alitaka kushindwa hayawezi kuhesabiwa.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba gazeti lako liungane nami kudai kwamba mashindano yarudiwe kabla ya Jumatatu, ndani ya chumba cha ubaridi cha bucha, ambako hali ni ileile ya Desemba ya baba yangu. Kokwa zitoke kwenye friza ya nyumbani, za mavuno ya zamani, zenye adabu. Upepo utolewe na feni, na feni iwekwe upande wa kusini. Watazamaji wote wavae makoti. Nina hakika kwamba katika hali ya hewa ambayo haijabadilika, nitashinda.

Iwapo mwenye bucha atakataa, naomba basi uitishe kura kupitia ukurasa wako. Swali liwe fupi, ndiyo au hapana: je, Wirrabilla ina baridi ya kutosha? Mimi nawajua watu wangu. Ukiwauliza asubuhi, kabla jua halijapanda, wengi watasema ndiyo. Matokeo yachapishwe kwa herufi kubwa, nami nitayabandika kwenye kila shina kule bondeni, ili micheri ione kwamba wengi wameamua, iache ubishi, ilale.

Iwapo na hilo litashindikana, basi nashauri Desemba ihamishiwe Agosti. Tumewahi kuhamisha soko, tukahamisha na makaburi ya zamani. Sioni ugumu wa kuhamisha mwezi.

Wasalimie wote hapo ofisini pamoja na yule paka wa dirishani. Mwenye bucha msalimie kwanza, kabla hajaisoma barua hii. Ukimwona Bwana Clive mwambie barua yake ya juma lililopita ilikuwa ya kijinga kuliko kawaida, na kama ni mgonjwa aseme tumpelekee supu. Noelene anakusalimu na anauliza juu ya sahani yake ya keki. Kerrin angekusalimu pia, ila hajui kwamba ninaandika.

Wako mwenye sweta,
Desmond Haddrill

N.B. Barua hii ikikosa nafasi sitanuna. Lakini tangazo dogo lifuatalo nakuomba sana lisikose:

"Inatafutwa barafu kwa wingi, iletwe shambani kila jioni hadi mwisho wa Agosti."

Ni kwa ajili ya mti mmoja tu, ule wa karibu na tangi la maji, ambao baba aliupanda siku niliyozaliwa. Kerrin amekubali ubaki. Tangu Mei nimekuwa nikiutandikia barafu kutoka kwenye friza ya Noelene ili upate usingizi, lakini haitoshi, na Noelene ameanza kuuliza njegere zake zilizogandishwa zimekwenda wapi. Juzi jioni nilifika pale nikamkuta Kerrin amenitangulia, amepiga magoti, na ndoo ya barafu mkononi. Anajua, kama ninavyojua mimi, kwamba majira ya baridi hayaletwi kwa ndoo. Nikapiga magoti upande wa pili, tukaimwaga pamoja.

Jina langu lisionekane kwenye tangazo. Clive atalisoma.